Mama mkwe alijibana hadi Ndere: nifunge choo gani kwenye boti yangu?

Jaduong', mzee wetu, pokea salamu zangu kutoka ufuo wa Dunga, Kisumu.

Kwa miaka tisa nilikuwa nikinunua mbuta na ngege hapa ufuoni na kuwapeleka soko la Jubilee. Samaki wakaadimika, bei ya ufuoni ikakaribia ya sokoni, nikaona nabeba beseni la barafu bure. Kwa mkopo wa chama chetu cha akina mama nikanunua boti ya mbao ya futi 32, nikaiwekea paa la turubai na injini ya nguvu farasi 40. Sasa nabeba wageni. Jioni ni saa moja tu ya kutazama viboko na jua likizama. Wikendi tunakwenda kisiwa cha Ndere na kurudi, na mara mojamoja Takawiri, ambako tunalala. Boti inachukua abiria 18, mbali na nahodha wake. Haina choo.

Sikuliona hilo kuwa tatizo mpaka Desemba. Familia fulani ya Nakuru ilikodi boti nzima siku mbili baada ya harusi, upande wa bwana na upande wa bibi pamoja. Kwenda Ndere huwa saa moja na ushei. Siku hiyo upepo ulikuwa umelisukuma gugumaji likaziba njia, propela ikawa inajisokota mizizi kila mara: nahodha anazima, anainua injini, anakata kwa panga, anawasha tena. Saa moja ikawa mbili na nusu.

Mama wa bibi harusi alikuwa ameketi mbele na gauni lake la kitenge. Ana ugonjwa wa sukari, nilikuja kujua baadaye. Nilimwona akifungua mkoba na kuufunga, akiufungua na kuufunga. Akaniita, akaninong'oneza. Sisi huwa tunafanya hivi: mwanamke akibanwa huenda nyuma na ndoo, wenzake wawili wakamshikia leso. Lakini nyuma ndiko alikokuwa ameketi mkwewe, hatua tatu kutoka kwenye ndoo, na wewe unajua mambo ya mkwe na mama mkwe kwetu. Nikamwonyesha leso. Akaitazama, akatazama nyuma, akaniambia, "Mwanangu, heri nife." Alijibana hadi Ndere. Boti haijafungwa kamba, yeye ameshakanyaga maji. Yaliyotokea kati ya maji na kichaka sitayaandika, ni mtu wa heshima. Wakati wa kurudi hakunywa hata tone. Walilipa, wakashukuru, na hawajanipigia simu tena.

Nimetenga shilingi 80,000 na nina washauri wanne. Fundi wangu wa boti anasema tutoboe chini, tufunge choo cha pampu ya mkono, kila kitu kiende ziwani. Eti samaki wenyewe wanajisaidia humo humo. Shemeji yangu anayefanya kazi kwenye boti za Mombasa anataka choo cha umeme chenye tangi la lita 100, na anasema ukishafika mbali na nchi kavu sheria inakuruhusu kumwaga. Mwenzangu wa chama ameona video ya choo kikavu kinachotenganisha mkojo, unaweka vumbi la mbao badala ya maji. Nahodha wangu anasema wote wanapoteza wakati, ndoo na pazia vinatosha. Mimi mwenyewe niliona dukani Nairobi choo cha plastiki cha kubeba, kimekaa kama sanduku la safari. Nichukue kipi?

Mama Boti, Dunga

*

Mama Boti,

Hiyo "heri nife" ndiyo barua yenyewe. Mengine ni mabomba.

Mabomba nayajua, nimeyafunga miaka thelathini na kitu, ya nyumba na ya boti. Washauri wako wote wanne wamekosea mahali pamoja: kila mmoja amekueleza mgeni atakalia nini. Hakuna aliyekuuliza kwamba saa kumi na mbili jioni, wageni wakishashuka na kwenda zao, wewe utakwenda kukimwaga wapi kilichobaki. Choo cha boti huchaguliwa kuanzia hapo kwenye kumwaga, halafu unarudi nyuma polepole hadi kwenye beseni.

Fundi wako ameruka swali hilo kwa kulijibu "ziwani". Kabla hatujafika ziwani, tutazame boti yenyewe. Choo cha pampu ya mkono kinataka matundu mawili chini ya usawa wa maji, moja la kuvuta maji na moja la kutoa uchafu. Beseni nalo mara nyingi hukaa chini ya usawa huo, kwa hiyo maji yanaweza kujivuta yenyewe kurudi ndani kupitia paipu, kidogo kidogo, usiku kucha, wewe umelala. Wanaoijua kazi huinua paipu juu ya usawa wa maji kama shingo ya bata, wakaweka vali ndogo ya hewa pale kileleni, na vali ya kufunga kwenye kila tundu. Nikiwa kijana nilimfungia mtu choo kama hicho nikaruka ile vali ya hewa kwa sababu dukani haikuwepo, nikajiambia nitairudia. Asubuhi ya tatu tulikuta tezi, yaani nyuma ya boti, imelala chini ya maji, omo, yaani mbele, imeangalia mbinguni, na mto wa kiti unaelea. Watu wa Pwani husema kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi ngama ile, tumbo la chini la boti, niliikausha kwa ndoo kutwa nzima, bila malipo, na mwenye boti ameketi ufuoni ananihesabia ndoo.

Sasa ziwa. Fundi atakuambia mito inaleta uchafu, mji unaleta uchafu, na boti yako ni tone. Hasemi uongo kabisa. Lakini ghuba yetu hii ya Winam si ziwa zima. Ziwa Victoria lina kina cha wastani wa mita 40 hivi. Huku kwetu sehemu kubwa ni mita chache tu, na mlango wa kutokea uko mbali kule Mbita, nao ni mwembamba. Kinachoingia hukaa. Mtambo wa maji wa Dunga, huo ulio jirani yako, huvuta maji ya ziwa na kuyasafisha ndipo yaende kwenye mabomba ya Kisumu. Halafu kuna kichocho, ambacho hakijali habari za tone. Mtu mwenye kichocho cha matumbo akijisaidia majini, mayai hupasuka humo, vijidudu vikaingia kwenye konokono wadogo wa kwenye majani ya ufuo, vikakua na kutoka, vikapenya ngozi ya yeyote anayeoga au kufua. Hakuna haja ya kunywa. Boti yako hutia nanga wapi? Ufuoni, kwenye majani, pale pale watoto wako wanapoogelea. Na mgeni hutaka choo zaidi pale mnapokaribia kufika, si katikati ya ghuba.

Kisheria pia hakuna mjadala. Sheria ya Mazingira ya 1999 na kanuni zake za ubora wa maji haziruhusu kumwaga maji taka mabichi ziwani, iwe ni kiwanda iwe ni boti.

Shemeji yako amechukua sheria ya bahari akaileta ziwani. Anayoizungumzia ni MARPOL, mkataba wa kimataifa, kiambatisho chake cha nne. Huo unaziruhusu meli kumwaga maji taka ambayo hayajatibiwa zikiwa zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu iliyo karibu, tena meli iwe inakwenda, kwa mwendo usiopungua noti 4, yaani maili 4 za baharini kwa saa. Unahusu meli za safari za kimataifa zenye tani 400 na kuendelea, au zilizoidhinishwa kubeba zaidi ya watu 15. Hebu tupime. Maili 12 ni kama kilomita 22. Ghuba ya Winam pale ilipo pana kabisa ni kilomita 30 hivi. Ukisimamisha boti katikati kabisa, nchi kavu iko kilomita 15 kushoto na 15 kulia. Hata kama sheria hiyo ingekuhusu, usingepata mahali pa kuitumia.

Tangi lake ni wazo zuri mahali penye kituo cha kunyonya. Bandari nyingi za boti za Ulaya na Marekani zina pampu kwenye gati: unasogea, unachomeka mpira, tangi linanyonywa, unakwenda zako. Nionyeshe pampu kama hiyo Dunga nami nitabadili jibu langu leo leo. Lori la kunyonya vyoo lipo mjini, lakini fikiria lori lile kwenye matope ya ufuo, mpira wake unaitafuta boti yako inayocheza majini, na wewe unalipa bei ya lori zima. Tupige na hesabu. Choo cha pampu hutumia lita mbili hadi tatu kila mtu anapovuta maji. Abiria 18, mara moja kwenda na mara moja kurudi, ni mara 36. Kwa lita tatu hizo ni lita 108. Tangi la shemeji limejaa siku ya kwanza, na una zaidi ya kilo 100 zinazochapa huku na huku kila wimbi linapopita. Hao ni abiria wawili wakorofi wasiolipa nauli.

Umeme nao: pampu za kusaga uchafu hula betri kwa kasi, na injini nyingi za kuwashwa kwa kamba hazina cha kuchaji betri. Boti ya watalii wa mchana haihitaji choo kinachohitaji betri.

Choo kikavu nakipenda, na mwenzako wa chama ana jicho. Kinachonuka chooni hasa ni mkojo na kinyesi vikikaa pamoja. Ukivitenganisha na kufunika kigumu kwa vumbi la mbao, harufu hupungua kiasi cha kukushangaza. Sanergy walitumia ujanja huo huo wa kutenganisha kwenye vyoo vya mitaa ya Mukuru kule Nairobi kuanzia 2011, na ulifanya kazi kwa sababu mtu alikuja kuchukua makopo kwa ratiba. Shida yako ni wageni. Choo hiki kinahitaji mtu akae sawasawa, mbele kwa mbele na nyuma kwa nyuma. Mgeni aliyekutana nacho mara ya kwanza, boti inayumba, mtoto anagonga mlango, atakosea, na akikosea mara moja tu utaratibu wote umeharibika hadi jioni. Ungekuwa unaishi botini na watu wako wa nyumbani ningekuambia kichukue bila kusoma zaidi.

Ndoo ya nahodha sitaicheka. Ndoo yenye mfuniko wa kubana ni choo cha akiba cha boti yoyote, hata ya tajiri, na ninataka iendelee kukaa chini ya benchi. Ila nahodha wako ni mwanamume. Yeye hugeukia upande wa pili akamaliza.

Chukua kile cha sanduku.

Choo cha kubeba kina vipande viwili vinavyoshikana kwa vibanio. Juu kuna kiti, beseni na maji safi ya kuvutia. Chini kuna tangi la uchafu, na katikati kilango cha plastiki cha kuteleza chenye mpira wa kuzuia harufu. Tafuta chenye tangi la chini la lita 20 au 21. Mgeni akikojoa ni kama theluthi moja ya lita, na maji ya kuvutia ni kiasi hicho hicho au chini yake. Abiria 18 wakitumia mara moja kila mmoja unapata kama lita 12. Wote wakienda mara mbili ni kama lita 24, tangi halitoshi. Kwa Ndere linatosha, kwa kuwa ni nadra wote waende mara mbili. Lakini kumbuka wageni wanaojisafisha kwa maji, Waislamu na watu wengi wa Pwani. Hao ongeza nusu lita hadi lita moja kwa mtu, na usithubutu kuwanyima kopo. Kikundi cha namna hiyo kikija, tangi moja halitoshi. Kwa hiyo uliza kama tangi la chini huuzwa peke yake, au nunua vyoo viwili vinavyofanana: kimoja kinatumika, cha pili tangi lake tupu linasubiri chini ya benchi limefungwa mkanda.

Likijaa, uzito wake ni ule wa mtungi wa maji wa lita 20 na kidogo juu. Unaujua uzito huo tangu utotoni, na kijana wako anaweza kuushusha bila lori wala mpira. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kukichagua.

Mambo mawili watakayokuficha dukani. La kwanza, joto la Kisumu. Tangi likikaa juani hewa ya ndani hujaa, na mtu akifungua kilango akiwa ameketi, kitarusha. Kila baada ya muda msaidizi wako afunike kiti, afungue kilango kidogo, hewa itoke, akifunge. Ni sekunde tatu. La pili ni wakati wa kumwaga: mdomo wa tangi una kitufe cha hewa. Kibonyeze unapoinamisha, maji yatatoka laini. Ukikisahau yatagugumia kama chupa ya soda iliyopinduliwa, na utarudi nyumbani kubadilisha nguo.

Ule mpira wa kilango ndio uhai wa choo. Upake mafuta ya mzeituni kidogo sana unapokauka. Vaseline usiipake, huuharibu mpira. Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nayo usiitie humo. Inaula mpira, na ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma macho na kifua, ndani ya kachumba kasikozidi kabati. Zipo dawa za vyoo hivi. Chukua isiyo na fomalini kama choo utakachomwagia kina tangi la maji taka, maana fomalini huua vijidudu vinavyolisafisha tangi hilo.

Nimesema kachumba, na hapa ndipo ninapotaka utumie pesa. Choo chenyewe kisile zaidi ya nusu ya zile 80,000, ahirisha hata wazo la kununua cha pili ikibidi. Mama yule hakukosa choo, ndoo ilikuwepo. Alikosa ukuta.

Kijenge nyuma kidogo ya katikati, upande ulio mbali na mitungi ya petroli, kwa sababu mvuke wa petroli hupenda kutulia kwenye vibanda vilivyofungwa, na kuna wageni watakaofikiria kuvutia sigara humo. Mbele kabisa usikiweke, ndiko boti inakorukaruka. Tumia plaiwudi ya kuhimili maji, usitumie turubai. Turubai huficha macho tu, masikio huyaachia kila kitu. Upana sentimita 70, urefu wa kwenda ndani 90. Kimo kiwe cha mtu aliyeinama kidogo, kwa sababu ukijenga kabati refu upepo wa mchana utaligeuza tanga. Acha nafasi ya vidole vitatu chini ya kuta maji yatoke, na matundu ya hewa juu. Ndani pigilia mkono wa kushikilia, mmoja tu lakini imara, pamoja na ndoano ya mkoba. Huo mkoba wa yule mama ungehitaji mahali pa kukaa.

Mlango utazame nyuma ya boti, usiwatazame abiria. Anayeingia ajulikane anakwenda "nyuma", basi. Benchi la kandokando ya mlango liondoe kabisa, pasiketi mtu pale, awe mkwe au asiwe mkwe. Na bandika karatasi ndani: wanaume pia wakae. Mwanamume anayesimama kukojoa kwenye boti inayokwenda anajidanganya, na anayeingia baada yake ndiye anayejua.

Mlango ufunguke kwa nje, na komeo liwe la kuweza kufunguliwa kutoka nje kwa sarafu au kisu. Unajua dhoruba za hapa zinavyokuja bila hodi. Sitaki mtu awe amejifungia ndani ya sanduku la mbao boti inapolala ubavu. Jaketi la kuokolea halivuliwi kwa ajili ya choo, na nahodha akiona mawingu meusi kutoka Homa Bay, choo kinafungwa hadi atakaposema. Kabla ya msumari wa kwanza, mweleze mkaguzi wa KMA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyombo vya majini, unachotaka kujenga na mahali. Uzito mpya ulioinuka upande mmoja hubadilisha boti inavyosimama, na ni afadhali aseme hapana kwenye karatasi kuliko kwenye plaiwudi uliyokwisha kulipia. Choo chenyewe kifunge kwa mikanda miwili sakafuni.

Tumerudi kwenye kumwaga. Vyoo vya shimo vilivyo karibu na maji usivitegemee. 2020 ziwa lilipopanda uliona wewe mwenyewe ufuo wa Dunga ulivyokuwa, na shimo lililofurika ni sawa na kumwaga ziwani kwa kupitia mlango wa uani. Tafuta choo kilicho juu, kwenye ardhi kavu, au bora zaidi kilichounganishwa na bomba la maji taka la mji. Yale mabwawa ya kusafishia maji taka ya Nyalenda hayako mbali nawe, kwa hiyo bomba liko jirani. Kubaliana na mwenye choo hicho, au na kamati ya ufuo, mlipane kwa mwezi, mkataba wa maneno mbele ya shahidi unatosha. Kijana wa kubeba apewe glavu za mpira, buti na sabuni, na malipo yake yawe juu kuliko ya kufunga kamba. Kazi hii ikilipwa kidogo itaishia kwenye mafunjo usiku wewe huoni. Kwa Takawiri piga simu mapema unakolala, uulize choo chao kinapokea. Wakisema hapana, beba tangi la pili.

Mwezi wa kwanza andika kwenye daftari: abiria wangapi, tangi limefika wapi. Wageni wako wa machweo hawatakigusa, saa moja haimbani mtu. Kwa Ndere utaanza kuona wanawake wanakunywa maji njiani, jambo ambalo naamini hujaliona bado, kwa sababu wanawake wa safari za majini hujinyima maji tangu asubuhi wakijua kinachowasubiri. Mbebee kila mmoja chupa yake.

Na familia ile ya Nakuru: mpigie simu bibi harusi, si bwana wala mama. Usiulize hali ya mtu wala usitaje siku ile. Mwambie tu kwamba boti imejengewa chumba nyuma, kina mlango.